Mwalimu wa Saa Nne

Skuli nzima ilijua kwamba somo la hesabu halianzi kabla ya saa nne. Asubuhi tulisoma dini, Kisomali na Kiingereza, tukatoka kwenda kucheza, na tuliporudi ndipo Mwalimu alipoingia, mtandio umemkaa vizuri, chaki ameishika kwa ngumi kama mtu aliyeshika kisu cha kuparia samaki. Tulipomwuliza kwa nini hatufundishi asubuhi, alitwambia hesabu haiingii kichwani mpaka damu ipate moto. Tuliamini. Mimi niliamini miaka mingi, na hata sasa nikimwona mwenye duka anapiga hesabu zake alfajiri namwona anajisumbua bure.

Kumbe damu iliyongojewa ipate moto ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa na baridi yabisi, ile inayokamata vidole, vifundo vya mikono na magoti, kulia na kushoto kwa pamoja, na kuvivimbisha mpaka ngozi ikang'aa. Alipoamka alikuwa mgumu kama kamba iliyolowa maji ya chumvi ikakaukia juani. Kufunga ngumi hawezi, kufungua mlango hawezi. Jua likishapanda, viungo vikalegea kimoja kimoja, akawa mtu kama sisi. Mkuu wa skuli alikuwa akilijua jambo hilo na alimpangia masomo yake kwa kadiri hiyo. Sisi wanafunzi tulilijua baadaye sana, na mimi nililijua zaidi ya wenzangu kwa sababu Mwalimu aliolewa na kaka yangu, akahamia nyumbani kwetu, Majengo, mjini Kismayu.

Siku aliyoletwa nilijiandaa kumwita wifi. Neno likanikwama. Nikasema, "Asalaam aleikum, Mwalimu," naye akajibu bila kufikiri, "Waaleikum salaam, umefanya zoezi?" Nyumba nzima ikaangua kicheko, na jina likabaki hapo. Hata mama yangu, mama mkwe wake, alimwita Mwalimu, na kaka yangu alimwita hivyo hivyo mbele ya watu. Alivyomwita chumbani sijui.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Wanafunzi waliochelewa aliwasimamisha mlangoni, lakini yeye mwenyewe hakuna arusi wala matanga aliyowahi kufika kwa wakati. Akikuona unataka kumpokea ndoo ya maji alikukazia macho mpaka ukaurudisha mkono wako. Lakini siku hiyo hiyo angeweza kunyoosha chupa ya achari kuelekea kwa mgeni asiyemjua, mwanamume mzima, na kumwambia, "Nifungulie hii," kama anayemwita mtoto mbele ya ubao. Maumivu hayakumliza. Filamu za Kihindi zilimliza, na zaidi zile alizokwisha kuziona, maana, alisema, sasa anajua pa kuanzia.

Hina aliipenda kupita kiasi. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda, vikielekea upande wa nje kama majani yaliyopigwa na upepo mmoja, na wanawake wengine wa mtaani walishangaa kwamba mtu mwenye mikono ile anaipamba. Mama alimwuliza siku moja, kwa upole. "Nikiificha," akasema, "watu wataitafuta. Bora waione na waseme imepambwa vizuri."

Alikula kwa kijiko. Hilo lilimuudhi mama, kwani kwetu tunakula sinia moja kwa mkono, na mama aliona kijiko ni majivuno ya mtu aliyesoma. Mwalimu hakujieleza. Ilichukua muda mpaka mama akamwona asubuhi moja akijaribu kukusanya punje za ambulo, yale maharage ya kuchemsha, kwa vidole visivyokunjika, peke yake, akidhani hakuna mtu jikoni. Mchana ule tulipokaa kula, kila mtu alikuta kijiko mbele yake, hata kaka yangu, na mama alikuwa wa kwanza kuchukua chake, akakishika vibaya, akamwaga mchuzi kifuani.

Lakini ninayoyakumbuka zaidi ni yale ya mtoto.

Alipoposwa, Mwalimu aliomba kusema na mama kabla ya wazee kujibiwa. Si desturi, ila mama alikubali. Akaja, akakaa mkekani, akanyoosha mikono yake yote miwili. "Mimi ni mgonjwa, na mwanao anajua," akasema. "Sitaki wewe uje ujue nikiwa tayari niko ndani ya nyumba yako." Mama akaiangalia ile mikono, akasema kwa lahaja yetu isemayo mchu badala ya mtu, "Mchu ni mchu, mwanangu. Hakuna asiye na lake." Mimi nilikuwa mlangoni, na nilimwona Mwalimu akishusha mabega kama aliyetua mzigo. Mama naye alidhani mambo yamekwisha hapo.

Hayakuisha. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na tumbo lake halikusema kitu. Wanawake wakaanza kuuliza, kwanza kwa mzaha, kisha kwa macho. Mama akawa anaamka alfajiri kumwombea. Alimwendea mwanamke mmoja anayekanda matumbo, akarudi na mafuta, na Mwalimu akayapokea kwa adabu na kuyaweka dirishani, yakakaa pale yakiota vumbi. Nikawaona mama na kaka wakinong'onezana, na kaka akiondoka kwenda kwenye mashine zake za boti bila kumaliza chai.

Siku jambo lilipopasuka ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Tulikuwa uani. Mama alikuwa anachambua mchele, na akasema bila kumtazama kaka, "Dini haikukataza wa pili. Si kwa ubaya. Huyu abaki na heshima yake, na mtoto apatikane."

Kaka aliendelea kufuta grisi mikononi, ingawa grisi ilikuwa imekwisha kutoka.

Mwalimu akatoka chumbani. Sikuwahi kumwona akitembea haraka vile. "Mama," akasema, "mimi si tasa. Tumezuia."

"Mumezuia?"

"Dawa ninayokunywa kila wiki, hii inayonifanya niweze kusimama, humharibu mtoto tumboni. Daktari alitwambia tusithubutu mpaka niiache. Na mimi sijaamua kuiacha."

Mama akauweka ungo chini. Nilingoja ukali. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. "Miaka yote hii naamka alfajiri kumwomba Mungu akufungue tumbo, kumbe mumelifunga wenyewe! Si mungenambia, nikalala?"

Kaka alicheka. Hakutaka kucheka, kikamtoka tu, na Mwalimu naye akaziba uso kwa mtandio, mabega yakitikisika, na mama akawaangalia wote wawili mpaka naye akashindwa. Walipotulia, mama akauliza lile ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. "Haya. Unaogopa nini? Kufa?"

"La."

"Maumivu?"

"Maumivu nimeyazoea." Akakaa juu ya kibao cha mbuzi, polepole, kama alivyokaa siku zote. "Naogopa kuzaa mtumishi."

Ndipo alipotueleza. Mama yake, aliyekuwa bado akiishi kisiwani Koyama, alikuwa na ugonjwa huo huo. Mwalimu alikuwa mtoto wa kike pekee. Tangu akiwa mdogo wa kuchezea mchanga, kila asubuhi aliitwa ndani kumfunga mama yake vifungo vya gauni, kumchana nywele, kumshikia kikombe. Wenzake walikuwa ufukweni wakiokota kome, yeye yuko ndani na vifungo. "Nilimpenda mama yangu," akasema. "Lakini nilikuwa mikono yake. Mimi nikizaa, nitamfanya mwanangu hivyo hivyo, au nitamrithisha ugonjwa, au yote mawili. Mtu mzima anayejua hayo na bado akazaa, ni mtu gani?"

Mama alirudia kuchambua mchele, lakini habari za mke wa pili hazikusemwa tena nyumbani kwetu, siku ile wala baadaye.

Darasani Mwalimu alikuwa na maneno aliyotuchosha nayo. Kabla ya kugusa hesabu yoyote lazima tuseme kwa sauti: tumepewa nini, na tunatafuta nini. Mtoto aliyerukia jibu, hata likiwa sahihi, alirudishwa mwanzo. Baada ya Ijumaa ile aliifanya hesabu yake mwenyewe namna hiyo. Walisafiri yeye na kaka mpaka Mombasa, kwa daktari wa viungo aliyempa ile dawa, na waliporudi alituketisha uani akatusomea jibu kama anayesoma matokeo ya mtihani.

Dawa ya kila wiki haipatani na mimba. Akiamua, ataiacha, atangoja miezi ambayo daktari mwenyewe atamwambia, ndipo wajaribu. Dawa yake nyingine ataendelea nayo. Mimba yenyewe mara nyingi huupoza ugonjwa, lakini mama akishajifungua hurudi, na pengine hurudi na hasira. "Daktari kasema tusijipange kwa ajili ya mimba," akasema. "Tujipange kwa ajili ya baada ya kuzaa."

"Na kurithi?" mama akauliza.

"Mtoto wangu hatari yake itazidi kidogo ya mtoto wa mtu mwingine. Kidogo. Wengi wao hawaugui kabisa." Miaka yote alikuwa ameamini kwamba ugonjwa ule unashuka kwa kila mtoto kama jina la ukoo, kwa sababu mtu mmoja, asiyekuwa daktari, alimwambia hivyo alipokuwa msichana. "Kaka yako alimwuliza daktari mara mbili," akanambia, "kwa kuwa mimi sikuweza kuuliza tena."

"Basi tumeshapewa," nikasema. Nilitaka kumfurahisha.

"Tumepewa," akasema. "Tunachotafuta daktari hakijui."

Mama ndiye aliyesema aende Koyama. "Kamwulize mwenye vifungo," alisema. Kaka alikuwa na boti ya watu ya kutengeneza, kwa hiyo nikaenda naye mimi.

Mama yake tulimkuta amekaa kitandani mlangoni, mikono imejikunja mapajani, amevaa dera lisilo na kifungo hata kimoja. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Alitaka kwanza habari za mji, za bei ya sukari, za nani kazaa na nani kaachwa. Mwalimu alijibu yote. Kisha akamwuliza, akiwa anaangalia chini kama mwanafunzi.

"Mama, ulipokuwa ukiniita kukufunga vifungo, ulikuwa unaonaje?"

"Vifungo gani?"

"Vya gauni. Kila asubuhi."

Yule bibi akafikiri. "Ah. Vile." Akacheka, akaonyesha ufizi. "Siku nyingine nilikuwa siwezi kweli. Siku nyingine nilikuwa naweza."

"Ulikuwa unaweza?"

"Polepole, lakini naweza. Na nilikuita vilevile." Akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kueleweshwa. "Huyu mtoto alikuwa hakamatiki. Akiamka yuko ufukweni, akirudi kala kwa watu, kalala. Nikisema nitamshikia wapi, si kwa vifungo? Akija, anafunga, huku ananambia nani kampiga, nani kamwibia kome zake. Vikiisha anaondoka. Kwa hiyo niliyapenda magauni ya vifungo vingi."

Bibi akamtazama Mwalimu, uso ukabadilika. "Ulikuwa unachukia?"

"Nilidhani nilikuwa mikono yako."

"Zile siku mbaya, ulikuwa," bibi akasema. "Siwezi kukudanganya. Na Mungu akulipe. Lakini sikukuzaa kwa ajili hiyo. Nilikuzaa nikiwa na mikono mizima, nikataka mtoto, basi. Na ningekuwa ninayo hii ningekutaka vilevile." Kisha akauliza, "Ndiyo maana huzai?"

Sikuwahi kumwona Mwalimu akilia pasipo filamu. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye paja la mama yake, na bibi akampapasa kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa viganja havikufunguka. Mimi nikatoka nje nikajitia kuangalia kuku.

Tuliporudi, boti ikakata maji mpaka tukaanza kuyaona maghala ya bandarini. Hapo Mwalimu akasema, "Daktari nitampigia kesho. Akiruhusu, naiacha." Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kututangazia kwamba zoezi ni la ukurasa fulani, na uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyelala usingizi mzuri.

Ile miezi ya kungoja, bila ya dawa ya kila wiki, ilikuwa mibaya. Magoti yalivimba, akafundisha akiwa amekaa, wanafunzi wakimwandikia ubaoni. Siku moja kaka alimsihi aache, airudie dawa, yeye ameridhika bila ya mtoto. Akamjibu, "Wewe umeridhika. Mimi bado natafuta." Kisha akashika mimba, na ugonjwa ukamwacha. Sijui niseme vipi. Mwanamke aliyekuwa akishuka kitandani kwa kuushika ukuta alianza kuamka kabla yetu. Alikanda unga wa mkate wa mofa kwa mikono yake, akatulisha mpaka tukachoka, na akaenda skuli akaomba, kwa mara ya kwanza, somo la saa moja na nusu. Wanafunzi walinung'unika. Walikuwa wamemwamini kuhusu damu.

Alizaa mtoto wa kike huko huko mjini, salama, na hapo tulijifunza kwamba daktari alisema kweli mpaka mwisho. Ugonjwa ulirudi kabla mtoto hajajua kucheka. Ila tulikuwa tumejipanga. Kaka alifungua karakana yake mchana, asubuhi akawa wa nyumbani. Mama alimchukua mtoto baada ya sala mpaka jua lipande. Mimi nilikuwa na nepi. Mwalimu alinyonyesha akiwa amelala ubavu kwenye godoro sakafuni, mtoto amewekwa kando yake, kwani kumbeba hakuweza.

Asubuhi moja nilimsikia akimwuliza mama, "Nimekosea?"

Mama alikuwa anamfuta mtoto. "Hesabu hii huijui wewe, Mwalimu," akasema. "Nyamaza unyonyeshe."

Alinyonyesha. Mtoto alipoachishwa ziwa, daktari akamrudishia ile dawa ya kila wiki, na polepole akapata nafuu, si ya kupona, ya kuishi. Mtoto alikua akijua kwamba asubuhi mama hupandiwa kitandani, habebi. Alipanda mwenyewe, akamkalia tumboni, akamvuta masikio. Kuhusu kumtuma, Mwalimu alikuwa na ukaidi wa ajabu. Alimkataza hata kumletea maji. Ni bibi yake wa Koyama aliyekuja akamgombeza: "Mtume mtoto! Mtoto asiyetumwa atakuwaje mchu?" Basi akaanza kumtuma, kwa kubabaika, akimshukuru kila mara kama mgeni, mpaka mtoto mwenyewe akamwambia, "Mama, ni kikombe tu."

Mimi niliolewa Ras Kamboni, na kwenda nyumbani kumekuwa si jambo la kila siku. Mara ya mwisho nilikwenda Idi iliyopita. Nilimkuta Mwalimu amenenepa kidogo, vidole vimepinda zaidi, hina mpaka kwenye vifundo, anagombana na kaka kuhusu feni. Mtoto amekwisha kuanza chuo cha Qurani, na anaijua Alhamdu kwa kasi isiyo na mapumziko.

Tulipokuwa tukimalizia chakula, jirani mmoja aliyekuja kutupa mkono wa Idi akakaa nasi. Akamtazama mtoto, akamtazama Mwalimu, akasema lile lililokuwa likingojewa. "Na wa pili lini, bibi wee? Huyu yuko peke yake."

Nilimwangalia Mwalimu. Zamani angetoa jibu la kejeli, au angesema inshaallah akaenda chumbani. Safari hii alimaliza kutafuna.

"Hakuna wa pili," akasema. "Tumeamua. Mmoja ametutosha."

Jirani akashika mdomo. Kaka akatazama sinia. Sote, mimi nakiri, tuligeuza macho kwa mama, kwa sababu ni yeye aliyeamka alfajiri miaka ile, na tulikuwa hatujui kama ameshaambiwa. Hakuwa ameambiwa. Niliona Mwalimu akivuta pumzi na kuishikilia.

Mama akajipangusa mikono, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Mama?" Mwalimu akauliza.

"Mimi mgongo wangu umekwisha. Huyu mmoja nimembeba mpaka nimekuwa upinde. Kila mwezi nakutazama tumbo, naomba Mungu kimoyomoyo isiwe, halafu naomba msamaha. Nikaogopa kukwambia, usije ukasema mama mkwe kakukataza kuzaa." Akamgeukia jirani. "Na wewe ukitaka wa pili, zaa wako."

Mwalimu aliitoa ile pumzi. Kicheko kikamshika, akaegemea bega la mama, na mama akamsukuma, "Ondoka, mzito wewe," lakini yeye mwenyewe hakusogea. Kaka akasema atachemsha chai, jambo ambalo halijawahi kutokea Idi yoyote, na akaenda kweli. Jirani akatuomba radhi, akabaki kuinywa. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Tulilimaliza birika zima, mtoto akitusomea Alhamdu yake ya mbio, mpaka ikaadhiniwa laasiri.